Barua kwa Mhariri: "Cha Asili" Si Jina la Dawa

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda. Gazeti lenu hunifikia likiwa limechelewa siku moja au mbili, na mara nyingine huja likiwa limefungia kitambaa cha mteja. Ndivyo nilivyoipata makala yenu ya namna ya kuchagua vidonge vya kupunguza unene. Umeme ulikuwa umekatika na pasi ya makaa ilikuwa haijashika moto, basi nikaikunjua karatasi nikasoma hadi mwisho. Mengi mliyoandika sina ugomvi nayo. Ila pale mliposema msomaji achague vidonge vya asili kwa kuwa hivyo havina madhara, niliinuka kitini. Ni kwa ajili ya sentensi hiyo moja ninawaandikia.

Tangu 2009 nina daftari la vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake: kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu na tarehe. Nami nina wangu, maana fundi asiyejishonea ni sawa na mpishi anayekwenda kula hotelini. Mwaka 2015 kiuno changu kilisoma inchi 34. Miaka minane baadaye tepu ile ile ikasoma 41.

Mwezi wa Mei mwaka jana binti wa kaka yangu alitangaza kwanjula yake, yaani sherehe ya kuwatambulisha wakwe, itakayofanyika Agosti. Mimi ndiye shangazi, yaani ssenga, mtu anayetazamwa na hema zima akitoka nje kuwapokea wakwe. Watu husema gomesi, vazi letu la sherehe, huficha kila kitu, na kwa gomesi ya zamani ni kweli: mita 6 za kitambaa, mabega yaliyosimama, mshipi mpana chini ya kiuno, na kikoyi ndani cha kuongeza nyonga. Mama zetu hawakuzijua inchi zao wala hawakuwa na shida ya kuzijua. Siku hizi bibi harusi hubadilisha nguo mara tatu, na ssenga naye hutakiwa awe na gauni la pili la jioni, lile linalobana. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. (Mnakumbuka mwaka 2019 wizara ya utalii ilipotutangaza wanawake wanene wa Uganda kuwa kivutio cha watalii? Wiki ile ile nilikuwa na wateja watatu walioniomba nishone gauni dogo kwa inchi mbili, "nitakuwa nimepungua.")

Mteja wangu mmoja wa siku nyingi, mfanyabiashara anayezijua njia za panya kama mistari ya kiganja chake, aliniletea boksi la kijani. Lilikuwa na picha ya jani, mwanamke mwenye kiuno cha nyigu, herufi za Kichina, na maneno ya Kiingereza yaliyosema ni mimea mitupu asilimia 100. Kapsuli 30, shilingi 85,000. Akasema, "Fundi, hii si dawa, ni majani tu. Kunywa moja asubuhi kabla ya chai." Nikalipa nusu, nusu nyingine nikaikata kwenye ushonaji wa sare za watoto wake.

Siku ya kwanza sikusikia njaa mpaka jua likazama. Niliitazama sahani ya matooke na mchuzi wa karanga kama ninayetazama ukuta. Nikafurahi, sifichi. Jirani yangu ana duka la mahindi, nami hujipima kwenye mizani yake ya magunia, kijana wake akinisomea namba. Nilianza na kilo 91. Baada ya siku nane zilikuwa 87. Kijana akacheka: "Mama, gunia limetoboka."

Kinywa kilikuwa kikavu kama nimetafuna majivu. Usingizi ulihama kabisa, nikauona kuwa ni baraka, kwa sababu nilikuwa nashona mpaka saa tisa za usiku na katika wiki moja nikamaliza sare 11 za shule. Ila nikijilaza nilikuwa nasikia moyo wangu ukienda kwa kasi ya mashine ya umeme, nami ni mtu wa mashine ya kukanyaga. Nilijiambia ni mafuta yanayeyuka.

Siku ya 19 nilikuwa nakata gomesi ya mteja, hariri ya rangi ya zambarau, pini zikiwa mdomoni kama kawaida yangu. Pini zikadondoka, maana mdomo haukuwa na mate ya kuzishika. Nilipoinama kuziokota mkono ukatetemeka na mkasi ukapita pasipostahili, kutoka begani hadi katikati ya kifua. Nilikitazama kitambaa kile, kisha nikaona giza. Nilichukua boda kwenda kituo cha afya, na kile kitambaa nikaja kukilipa baadaye, mita zote 6.

Sista alinifunga mashine ya presha mara mbili, kwa kuwa hakuyaamini macho yake: 172 kwa 108, mapigo ya moyo 118 kwa dakika. Kadi yangu ya miezi mitano nyuma ilisema 128 kwa 82.

"Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hapana."

Mhariri, sikudanganya. Katika akili yangu sikuwa natumia dawa. Nilikuwa nakunywa majani. Sista, Mungu ambariki, akauliza tena kwa njia nyingine: "Hata ya kienyeji? Hata ya kununua barabarani?" Ndipo nikalitoa lile boksi mkobani. Akaligeuza pande zote sita akitafuta jina la kilichomo. Hakulipata. Akamwita daktari kijana wa zamu, naye akalipindua vivyo hivyo, halafu akanitajia neno ambalo sikuwahi kulisikia: sibutramini.

Aliyonieleza yeye, na niliyoyasoma mwenyewe kwenye simu baadaye, ni haya. Sibutramini ilikuwa dawa halali ya kupunguza unene, ikiandikwa na madaktari katika nchi nyingi. Hufanya kazi kwenye ubongo: hukata hamu ya kula, lakini wakati huo huo hupandisha presha na kuukimbiza moyo. Ukafanyika utafiti mkubwa wa watu wapatao 10,000, watu wazima wenye ugonjwa wa moyo au kisukari. Katika kila 1,000 waliomeza dawa, 114 walipatwa na shambulio la moyo, kiharusi au kifo cha moyo. Kwa waliomeza vidonge visivyo na kitu walikuwa 100. Januari 2010 Ulaya ikaisimamisha, na Oktoba mwaka huo huo ikaondolewa sokoni Marekani. Lakini haikutoweka duniani. Wakaguzi wa dawa wa nchi nyingi wameendelea kuikuta ndani ya maboksi yaliyoandikwa mimea, majani, kahawa ya kupunguza tumbo. Pengine huikuta pamoja na fenolftaleini, dawa ya zamani ya kumfanya mtu aharishe, iliyoachwa kwa kuhofiwa saratani.

Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyokuwa ndani ya boksi langu, maana hakuna aliyelipima. Na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Mteja akiniletea kitambaa akasema ni pamba, simbishii. Nachomoa uzi mmoja pembeni nauchoma kwa kiberiti. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu kama ushanga. Sekunde tano, tumejua. Kapsuli haina uzi wa kuchomoa. Huwezi kuionja, kuinusa wala kuichoma ukajua kilichosagwa na yale majani. Kilichobaki kwa mnunuzi ni maandishi ya kwenye boksi na mtu anayesimama nyuma yake, na "cha asili" si maandishi ya kitu chochote. Nami duka langu ningeweza kuliandika "nguo za asili". Mngejua ninauza nini?

Baada ya presha kushuka nilikwenda famasia yenye leseni ukutani, nikaomba nioneshwe dawa ya kupunguza unene iliyo na jina. Sikutaka kununua, nilitaka kuiona tu. Mfamasia akanitolea orlistati ya miligramu 120. Jina la dawa juu, kiwango, namba ya toleo, tarehe ya mwisho, aliyeitengeneza na mji wake. Ndani kuna karatasi iliyokunjwa mara nyingi, ndefu kama orodha ya mahari, na karibu yote inaisema dawa yenyewe vibaya: usitumie ukiwa na mimba, usitumie ukiwa na ugonjwa fulani wa kutonyonya chakula, utapata hiki, unaweza kupata kile. Boksi langu la kijani lilijisifu pande zote sita. Hii ilijisengenya ukurasa mzima. Tangu siku hiyo nimeanza kuziamini dawa zinazojisengenya.

Nikamwomba anieleze inavyofanya kazi, kwa kuwa mchana ule hakukuwa na wateja. Orlistati haiingii kichwani. Hubaki tumboni na kukizuia kile kinachovunja mafuta ya chakula, hivyo kama theluthi moja ya mafuta uliyokula hupita bila kunyonywa. Hayo mafuta lazima yatoke mahali, na hutoka yakiwa mafuta. Mfamasia alilisema hili kwa adabu, mimi fundi nitalisema wazi: wiki za kwanza usivae sketi nyeupe. Vitamini A, D, E na K husafiri na mafuta, kwa hiyo hutakiwa umeze vidonge vya vitamini usiku, mbali na dawa. Na kupungua kwenyewe? Wastani wa kama kilo 3 kwa mwaka zaidi ya anayejitahidi bila dawa. Kilo 3! Boksi la kijani lilinipa 4 kwa siku nane.

Kisha akaniuliza ninakula nini. Nikamtajia: asubuhi chai, mchana posho (ugali) na maharage, jioni matooke, na chai tena kila mteja anapoingia. Sukari vijiko vinne kwa kikombe, vikombe vitano kwa siku. Akaniangalia, akasema, "Mama, orlistati hukamata mafuta. Wewe unakula wanga na sukari. Itakamata nini?" Kama ningekuwa mtu wa rolex mbili, zile chapati za mayai, na nyama choma kila jioni, labda. Kwa hiyo hata dawa halali, yenye jina na leseni, haikuwa dawa yangu. Hilo makala yenu haikuligusa kabisa, na ndilo ningelipenda liandikwe kwa herufi kubwa: kuuliza kidonge kipi ni kizuri bila kujua nani atakimeza ni kama kuniuliza gauni saizi gani ni nzuri.

Kuna hesabu moja aliyonifundisha nayo nimeipenda kwa kuwa ni ya kifundi. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita uliouzidisha kwa wenyewe. Mimi nina mita 1.62, ukiizidisha kwa yenyewe ni 2.62. Kilo 91 kugawanya kwa 2.62 ni karibu 34.7. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kuitwa ugonjwa. Dawa kama orlistati zimekusudiwa watu wa 30 kwenda juu, au wa chini kidogo ya hapo ambao tayari wana presha au kisukari. Nilirudi dukani nikaanza kuwafanyia hesabu wateja wanaokubali. Kuna msichana wa kilo 58, urefu mita 1.60, aliyeniuliza mara tatu niliyapata wapi yale maboksi. Yeye ni 22.7. Hana cha kupunguza, na nilimwambia hivyo nikiwa nimeshika mkasi ili anisikie vizuri.

Kuhusu chai za kuharisha sitasema mengi, daftari langu litasema. Bibi harusi mmoja alikuja na kiuno cha inchi 33. Akanywa chai ya kusafisha tumbo kwa siku sita, akarudi na 31, tukabana mishono. Ijumaa akala vizuri na ndugu zake, na Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake, wembe mkononi, naifungua mishono niliyoibana. Majani yale huusukuma utumbo mpana, na chakula hufika huko kikiwa kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi, na maji hurudi ukinywa glasi mbili. Vidonge vya kukojoza ni vivyo hivyo, ila hivyo huondoka na potasiamu, na moyo bila potasiamu unaweza kukorofika.

Najua kuna watakaoniuliza habari za sindano za kupunguza unene. Hata hapa mpakani Ozempic imekuwa neno la kila siku, watu wakilitamka kila mmoja kivyake. Hilo nalo lina jina lake ndani, semaglutidi, na hilo halidanganyi: katika utafiti mmoja mkubwa watu walipoteza karibu asilimia 15 ya uzito wao kwa wiki 68. Kwangu hiyo ingekuwa kilo 13 na nusu. Nilitamani, nisiseme uongo. Lakini huandikwa na daktari, kiwango hupandishwa kidogo kidogo kwa sababu ya kichefuchefu na kutapika, na walioiacha katika utafiti ule walirudishiwa theluthi mbili ya uzito walioupoteza ndani ya mwaka. Bei yake si ya mtu anayeshona sare. Tena kabla ya kufunguliwa hutakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Mwezi uliopita mama mmoja alipita na kalamu mbili za sindano kwenye mkoba wa ngozi, saa nane mchana, jua la Busia mnalijua. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo la semaglutidi bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa huko zimepenya, sisi na mkoba wa ngozi tuna kinga gani?

Presha yangu ilichukua wiki tatu kurudi 134 kwa 84. Kilo 4 nilizozipoteza zilirudi kabla ya kwanjula, zote, na gauni la jioni sikulivaa. Nilivaa gomesi na kikoyi, hema likapiga vigelegele. Tangu hapo nimepunguza sukari hadi kijiko kimoja, posho nimeipunguza nusu nikaongeza mboga za sukuma na dodo, na ninatembea kwenda sokoni badala ya boda. Mizani ya mahindi juzi ilisoma 84 na nusu. Kiuno ni 38. Ni mwendo wa konokono, na siuzi boksi la mwendo huo.

Ninachoomba kwenu si kikubwa. Mkiandika tena juu ya vidonge hivi, andikeni majina ya vilivyomo. Waambieni wasomaji kwamba Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, ina orodha ya dawa zilizosajiliwa, na kwamba hata dawa za mitishamba zinazouzwa dukani zinapaswa kupita mikononi mwake. Waambieni sista akiuliza unatumia dawa gani, majani nayo yatajwe. Na lile tangazo la kilo 10 kwa siku 14 mlilolichapa ukurasa wa nyuma wa makala hiyo hiyo, mlitazame upya.

Yule mteja wangu wa boksi la kijani alikuja wiki iliyopita kupima gomesi ya Krismasi. Hatukugombana, huyu ni mtu tuliyezikana wazazi. Alinipa pole, kisha akasema ana mzigo mpya, mzuri kuliko ule, na kwangu atapunguza bei. Nilizungusha tepu kiunoni mwake nikaandika 44. Nikafungua kurasa za nyuma: 44 mwaka 2022, 44 mwaka 2019. Nikamuuliza, wewe mwenyewe mbona huzinywi?

"Mimi, fundi? Mimi nina presha."

Kapsuli 11 zilizobaki ninazo kwenye mkebe wa vifungo, rafu ya juu ambako watoto hawafiki, boksi lake likiwa zima. Mtu wa NDA akipita Busia aje azichukue akazipime. Ningependa kujua nilikuwa nakunywa nini.

Fundi wa gomesi,
Busia, Uganda